Juisi Freshi za Dukani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Vijidudu na Usalama

Majibu haya ni kwa wenye maduka na vibanda vya juisi, kuanzia Kariakoo hadi Darajani na Mombasa, na kwa wateja wao. Juisi tunayoizungumzia ni ile iliyokamuliwa au kusagwa bila kupitishwa kwenye moto: miwa, tikiti, embe, nanasi, pasheni, machungwa, parachichi na michanganyiko yake. Juisi za boksi kutoka kiwandani zina habari yake nyingine.

Matunda yana asidi. Asidi si inaua vijidudu?

Inategemea tunda, na hapa ndipo wauzaji wengi wanapokosea. Ukali wa asidi hupimwa kwa pH, na namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi. Juisi ya ndimu iko kwenye 2.3 hivi. Ukwaju na pasheni huzungukia 3. Nanasi na machungwa huwa kati ya 3.3 na 4. Embe bivu linaweza kuwa 3.5 au hata 4.8, kutegemea aina na lilivyoiva. Kisha linakuja kundi jingine kabisa: miwa 5 hadi 5.5, tikiti 5.2 hadi 5.6, papai karibu na hapo au juu kidogo, parachichi zaidi ya 6.

Chini ya pH 4, karibu bakteria wote wa maradhi hushindwa kuzaliana. Juu ya 4.6 mlango uko wazi kwa wote, pamoja na wale wanaotoa botulinamu, sumu kali inayopooza mwili. Kwa hiyo glasi ya tikiti na glasi ya pasheni zilizokaa kwenye kaunta moja kwa saa tatu hazina hatari sawa hata kidogo. Kwenye joto la Dar es Salaam la nyuzi 30 na zaidi, bakteria anayegawanyika kila dakika 20 anafika zaidi ya 4,000 ndani ya saa 4, na aliyeanza ni mmoja tu. Kwa kawaida hawaanzi wakiwa mmoja.

Basi nikiuza pasheni na machungwa peke yake, niko salama?

Una nafuu, lakini usalama wenyewe bado. Bakteria aliyeshindwa kuzaliana hajafa. Mwaka 1996 nchini Marekani juisi ya tufaha isiyopasteurishwa (yaani isiyopashwa moto wa kuua vijidudu), yenye asidi ya kutosha kabisa, ilibeba E. coli O157:H7, bakteria anayetoka kwenye kinyesi. Watu zaidi ya 60 waliugua na mtoto mmoja akafariki. Kijidudu hicho hakihitaji kuzaliana ndani ya chupa, kwa sababu chembe chini ya 100 zinaweza kumwangusha mtu. Tena ndani ya juisi yenye asidi huishi muda mrefu zaidi kwenye friji kuliko mezani, kwa kuwa baridi hupunguza makali ya asidi dhidi yake.

Virusi nao hawajali asidi ya matunda. Mwaka 2004 watalii zaidi ya 300 kutoka Ulaya, waliofikia hoteli moja nchini Misri, walipata homa ya ini aina ya A, na uchunguzi ukaelekeza kwenye juisi ya machungwa. Virusi hao hutoka kwenye kinyesi cha binadamu, hupitia mikononi au kwenye maji, kisha hukaa tu ndani ya juisi wakisubiri wa kuinywa.

Vijidudu vinaingiaje wakati ndani ya tunda ni kusafi?

Ndani ya tunda zima lisilo na jeraha kweli huwa kusafi. Tatizo ni kisu. Tikiti limelala shambani juu ya udongo na samadi, limepangwa chini sokoni, limemwagiwa maji ya mtaro ling'ae. Kisu kikipita kwenye ganda bila ganda kuoshwa, kinasukuma yote hayo hadi kwenye nyama. Machungwa yanayokamuliwa kwa mashine ya kubana yana kasoro hiyohiyo, maana juisi hutiririka ikigusa ganda.

Njia nyingine ni maji ya kuongezea, barafu, mikono, kitambaa cha kuchujia, na mabaki yaliyoganda chini ya visu vya blenda. Ukitaka kujua pa kuanzia, anza na maji. Juisi nyingi za dukani hapa kwetu ni nusu maji, na muuzaji anayechagua embe moja moja kwa makini mara nyingi hajui maji ya ndoo yake yametoka kisima gani.

Matunda yaoshwe vipi hasa?

Kwanza toa yaliyooza, yaliyopasuka na yaliyotobolewa na wadudu. Usikate sehemu mbovu ukasaga iliyobaki: ukungu na bakteria wamekwishasambaa kupita unapoona, na palipooza mara nyingi asidi imeshuka. Pili, sugua ganda kwa brashi chini ya maji yanayotiririka, hasa tikiti, nanasi na mizizi kama tangawizi na karoti ambayo hubeba udongo. Brashi hiyo isitumike kusugulia sakafu.

Tatu, loweka kwenye maji ya klorini. Dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, yenye nguvu ya 3.5%, mililita 30 ndani ya lita 10 za maji hutoa takriban miligramu 100 za klorini kwa lita. Kwa ndoo ya lita 20 ni mililita 60. Pima kwa kikombe chenye alama, maana kukadiria kwa macho hutoa maji yasiyoua kitu au yanayonuka hadi kwenye juisi. Loweka dakika 5, kisha suuza kwa maji salama ya kunywa. Maji yakichafuka au kuwa na matope, mwaga utengeneze mengine, kwa sababu uchafu hula klorini na kubakiza harufu tu.

Jambo moja ambalo halisemwi sana: usitumbukize matunda yenye joto la jua kwenye maji ya baridi. Tunda linapopoa, hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji kupitia kovu la kikonyo, na maji yakiwa na vijidudu, vinaingia ndani ambako hakuna klorini wala brashi itakayovifikia. Maembe ya Brazil yaliyosambaza Salmonella, bakteria wa kuharisha, Marekani mwaka 1999 yalikuwa yamepitishwa kwenye maji ya moto kuua nzi wa matunda, kisha yakapozwa kwenye maji. Yaache matunda yapoe kivulini kwanza, au tumia maji yenye joto sawa na tunda.

Maji ya kuongezea nichemshe au niweke dawa?

Vyote viwili vinafaa vikifanywa sawasawa. Kuchemsha ni hadi yatokote na kuruka kwa dakika moja, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa kwenye chombo kile kile. Yakihamishiwa kwenye ndoo chafu, kuni zimeungua bure. Kwa vidonge, kile cha miligramu 67 ni cha lita 20 za maji yasiyo na tope, na lazima usubiri dakika 30 kabla ya kutumia. Maji ya tope chuja kwanza. Kumbuka klorini haiui kriptosporidiamu, kimelea kinachotoka kwa ng'ombe na watu. Kama chanzo chako ni kisima kifupi karibu na zizi au choo, chemsha.

Maji yawekwe kwenye ndoo yenye koki. Kikombe cha kuchotea kinachoingia na mkono ndani yake hufuta kazi yote.

Na barafu?

Kugandisha hakuui, hupumzisha tu. Salmonella, virusi vya homa ya ini na hata vijidudu vya kipindupindu huweza kuvumilia barafu kisha kuamka ndani ya glasi. Barafu itengenezwe kwa maji yale yale unayoyaamini kwa kunywa. Yale mabonge makubwa yanayouzwa feri na sokoni kwa ajili ya samaki hayakutengenezwa kwa ajili ya kinywa, hata yakioshwa. Usivunje barafu sakafuni ndani ya gunia, na usiichote kwa glasi wala kwa mkono. Chota kwa kijiko kirefu kinachowekwa nje ya sanduku.

Blenda naisuuza kila baada ya mteja. Haitoshi?

Kusuuza kati ya mteja na mteja ni sawa kwa muda mfupi, si zaidi ya saa mbili. Baada ya hapo ifungue yote: kifuniko na kizibo chake, jagi, visu, na ule mpira mweusi au mweupe ulio chini ya visu. Kwenye mpira huo ndiko kunakojificha utelezi wenye harufu ya chachu. Utelezi huo ni bakteria waliojijengea ngome, na maji peke yake hayawezi kuuvunja. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kwa brashi ndogo, suuza, loweka dakika 5 kwenye maji ya klorini ya nguvu ile ile ya miligramu 100, kisha pindua vyombo vijikaushe kwenye waya. Usifute kwa kitambaa. Mpira uliopasuka au kulegea badilisha, bei yake ni ndogo.

Utaratibu ni lazima uwe sabuni kwanza, klorini baadaye. Klorini ikiwekwa juu ya uchafu inaishia kwenye uchafu. Na usichanganye klorini na siki, ndimu au sabuni za choo zenye asidi, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi inayounguza mapafu.

Kitambaa cha kuchujia ni mtihani mwingine. Kama huwezi kukitokosa kwa dakika 10 kila siku na kukianika kikauke kabisa, hamia kwenye chujio la chuma cha pua.

Mashine ya miwa ina shida gani ya pekee?

Juisi ya miwa ina sukari nyingi, asidi kidogo, na hutengenezwa nje kwenye nzi na vumbi, hivyo bakteria hawakosi chochote. Muwa uliokatwa huanza kuchacha kwenye ncha zake siku ileile. Ukiona ute unaovutika kama gundi kwenye miwa au kwenye sinia la mashine, hao ni bakteria wanaogeuza sukari kuwa utelezi. Kata ncha kila upande kabla ya kukamua na usiiache miwa iliyomenywa ilale kwenye ndoo ya maji hadi kesho.

Roli, wembe wa kukwangulia makapi, sinia na mfereji wa kutolea juisi vifunguliwe na kusuguliwa kila saa tatu na wakati wa kufunga. Kumimina maji juu ya roli zinazozunguka hakufiki nyuma ya wembe. Tambara la kufutia roli liondoke kabisa. Watu hukamua ndimu na tangawizi pamoja na muwa, na ndimu kweli hushusha pH, lakini kipande kimoja kwa glasi ni cha ladha tu. Ukitaka kujua umefika wapi, nunua karatasi za kupimia pH na upime.

Juisi ya miwa ni ya kukamuliwa mteja akiwa amesimama. Hatushauri kuihifadhi, hata kwenye friji.

Juisi ikae muda gani?

Mezani, juisi yoyote isizidi saa mbili, na tikiti, miwa, papai au parachichi isizidi saa moja kwenye joto la pwani. Kwenye friji la nyuzi 5 au chini, juisi zenye asidi kali zimalizike ndani ya saa 24 na zisizo na asidi siku hiyohiyo. Kuna wanaouza hadi siku ya tatu kwa kuwa ladha haijabadilika. Ladha haielezi chochote kuhusu maradhi. Hamira zinazochachusha juisi hutoa gesi, povu na harufu ya pombe, nazo kwa kawaida hazimletei mtu maradhi. Salmonella haitoi harufu, rangi wala povu.

Usiongeze juisi mpya kwenye jagi la zamani. Jagi linaloongezwa kutwa nzima hubeba bakteria wa asubuhi hadi usiku.

Friji langu ni lile la vioo la kampuni ya soda. Linafaa?

Linafaa kama kipimajoto kinasema hivyo. Weka kipimajoto cha friji ndani ya glasi ya maji kwenye rafu ya juu, kisome asubuhi kabla ya kufungua na tena saa nane mchana ambapo mlango umefunguliwa mara nyingi. Mafriji mengi ya namna hiyo yakiwa kwenye jua au yamesongamana hupanda hadi nyuzi 10 au 12. Soda haina wasiwasi na joto hilo, juisi ya tikiti inao.

Kosa kubwa zaidi ni kuingiza ndoo ya lita 20 ya juisi yenye joto ukidhani itapoa. Katikati ya ndoo hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, pengine usiku kucha. Poza matunda na maji kabla ya kusaga, gawa juisi kwenye chupa za nusu lita, na zizamishe shingoni kwenye maji ya barafu kabla ya kuingia kwenye friji. Umeme ukikatika, funga mlango usifunguliwe. Friji lililofungwa hushikilia baridi kwa takriban saa 4. Likipita hapo, juisi isiyo na asidi mwaga.

Sukari, tangawizi au asali si vinahifadhi?

Sukari huhifadhi jamu kwa sababu ni nyingi mno. Kwa kiwango cha kwenye juisi ni chakula cha vijidudu. Tangawizi kwa kiasi kinachonyweka haina nguvu hiyo. Asali vilevile, na mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

Ukwaju, ubuyu na rozela ninachemsha. Hizo ziko salama?

Ziko mbele ya nyingine: zimepikwa na zina asidi. Zinaharibikia baada ya moto, pale watu wanapozipunguza ukali kwa maji mabichi au kuzichuja kwa mkono. Maji ya kupunguzia yaingie kabla ya kuchemsha.

Nawezaje kupasteurisha dukani kwangu?

Kwa juisi zenye asidi inawezekana bila mtambo. Tumia sufuria ya chuma cha pua, kwa kuwa asidi hula alumini. Pasha huku ukikoroga hadi kipimajoto kilichozamishwa katikati kisome nyuzi 75, shikilia hapo dakika moja nzima, kisha poza sufuria kwenye maji ya barafu. Jaza chupa safi na uingize kwenye friji. Usisubiri hadi itokote, ladha itaondoka. Povu la juu huwa na joto la chini kuliko juisi, basi likoroge lirudi ndani.

Tikiti likipashwa hunuka boga, na parachichi halifai kabisa. Zaidi ya ladha, joto hilo haliui mbegu za bakteria wa botulinamu, na kwenye juisi isiyo na asidi zinaweza kuchipua ndani ya chupa iliyofungwa ikikosa baridi. Juisi ya karoti iliwahi kusababisha hilo Marekani na Kanada mwaka 2006.

Chupa za maji zilizotumika?

Hapana. Shingo na mikunjo ya chini haisuguliki, plastiki hiyo hujikunja kwa maji ya moto, na hujui ilibeba mafuta ya taa au nini. Nunua mpya au uza kwa glasi.

Wafanyakazi wangu wana vyeti vya afya na wanavaa glavu.

Cheti kinaeleza hali ya siku ya kipimo. Mtu anaweza kubeba vijidudu vya taifodi kwenye nyongo kwa miaka bila kuumwa. Kinacholinda ni sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20 baada ya choo, baada ya kushika pesa na baada ya kushika matunda yasiyooshwa. Glavu inayoshika noti, simu na kisha vipande vya nanasi ni mkono mchafu uliovalishwa plastiki. Anayeharisha au kutapika asiguse juisi hadi apite saa 48 tangu dalili zikome, na mwenye shughuli amlipe siku hizo, la sivyo ataficha.

Nikipeleka sampuli maabara niombe vipimo gani?

E. coli na Salmonella. Jumla ya bakteria na hamira haina maana kubwa kwa juisi mbichi, matunda yenyewe yanazo. Kipimo kizuri cha kulinganishia ni kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2073 ya mwaka 2005 kuhusu juisi zisizopasteurishwa. Sampuli huwa tano. Salmonella isionekane katika gramu 25 za yoyote. E. coli isizidi 100 kwa gramu, ila mbili kati ya hizo tano zinaweza kufika hadi 1,000. Kuiona E. coli kwa wingi maana yake kinyesi kimepita mahali fulani. Tafuta kwenye maji, barafu na mikono kabla ya kulaumu matunda. Kwa usajili wa eneo la biashara, Tanzania Bara kazi hiyo iko kwa Shirika la Viwango (TBS) tangu 2019, na Kenya ni maafisa wa afya wa kaunti.

Kipindupindu kikilipuka nifunge?

Halmashauri zikitoa amri, funga. Hata bila amri, ondoa miwa, tikiti na barafu: kijidudu cha kipindupindu hakivumilii asidi kali, lakini kwenye hizo hakuna asidi ya kukisumbua.

Nani asinywe juisi isiyopasteurishwa?

Wajawazito, watoto wadogo, wazee, na wenye kinga dhaifu kwa VVU, saratani au dawa. Kwa mjamzito kuna listeria, bakteria anayezaliana hata ndani ya friji na kuharibu mimba. Akiitaka sana, akamue nyumbani machungwa aliyoyaosha mwenyewe na anywe papo hapo. Parachichi yenye maziwa ihesabiwe kama maziwa: yasiyochemshwa, aache.

Nimekunywa na sasa naharisha. Ni ile juisi ya jana?

Si lazima. Sumu ya stafilokokasi, bakteria wa ngozi na pua, huanza ndani ya saa 1 hadi 6, Salmonella saa 6 hadi siku 3, E. coli O157 kwa kawaida siku 3 au 4, taifodi wiki 1 hadi 3, na homa ya ini A wiki 2 hadi 7. Kunywa ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini, kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti. Isipokuwepo, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, kwa lita moja ya maji salama. Ukiona damu kwenye choo, usimeze dawa ya kuzuia kuhara wala antibayotiki ya kujinunulia: ikiwa ni E. coli O157, dawa hizo zinaweza kuongeza hatari ya figo kushindwa, hasa kwa watoto. Nenda hospitali. Nenda pia haraka kama choo ni kama maji ya mchele, mkojo umepungua, au mtoto amelegea.

Nikiwa mteja niangalie nini dukani?

Omba isagwe mbele yako. Tazama maji yanatoka wapi, barafu inachotwa kwa nini, na anayesaga ndiye anayepokea pesa au la. Nyanyua macho kwenye mpira wa blenda kama unaweza kuuona. Kama kila kitu kimekwishasagwa na kupangwa kwenye majagi mezani, chagua pasheni au ukwaju, au agiza dafu linalokatwa ukiona, ukinywea ndani ya dafu lenyewe.